Twamlilia Anarkali, Twatawala kama Akbar



Yupo mzee wa mtaani kwetu, mtu wa safu ya kwanza msikitini, ambaye amedumu na filamu moja kwa zaidi ya miaka 50. Umri wake sasa wapata miaka 75. Aliiona mara ya kwanza akiwa mvulana, katika sinema moja ya hapa Mombasa, kwa pesa za nauli alizopewa aende Kisauni kumjulia hali shangazi yake. Shangazi hakujuliwa hali siku hiyo. Tangu hapo ameiona mara ambazo mwenyewe amechoka kuzihesabu: sinemani, kisha katika kanda za video zilizokuwa zikiazimwa nyumba hadi nyumba, na sasa katika simu ya mjukuu wake. Kiurdu hakijui, ila maneno aliyookota dukani kwa tajiri wake wa zamani. Lakini mwache akae barazani baada ya swala ya Isha, kisha umtajie Mughal-e-Azam. Utamsikia akinguruma kwa sauti ya mfalme, kisha akiishusha sauti kumjibu mfalme kwa niaba ya mwanawe, na maneno hayo ya kigeni yatamtoka bila ya kukwama, mithili ya mtu asomaye uradi alioulea tangu utotoni.

Wala si yeye peke yake. Filamu za Kihindi zilikuwa mgeni wa kila nyumba katika pwani yetu, na mama zetu waliokuwa hawatoki ila kwa maziko na arusi walizijua nyimbo zake kwa moyo. Marehemu Juma Bhalo alijipatia jina kwa kuyatia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya nyimbo hizo, na wako watu wazima leo wanaodhani kuwa wimbo wa India ndio ulioigwa kutoka kwake. Katika mapenzi hayo yote, Mughal-e-Azam ina daraja yake.

Twajua wako watakaouliza, sheikh na filamu wapi na wapi? Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni fupi. Hatuandiki ili kuhalalisha dansi wala kumsafia jina mchezaji yeyote. Twaandika kwa sababu jambo likishakaa miaka 60 na zaidi katika vifua vya watu wazima, wacha Mungu, wenye wajukuu, haifai kuipisha bila ya kuuliza limekaa humo kwa nini. Na twaandika kwa sababu nyingine, ambayo tutaifikia.

Filamu yenyewe ilitolewa tarehe 5 Agosti 1960 mjini Bombay, ambao leo ni Mumbai. Mwongozaji wake, K. Asif, alikuwa ameianza tangu miaka ya arobaini. India ikagawanyika mwaka 1947, na mfadhili wake wa kwanza akahamia Pakistan. Mwigizaji aliyechaguliwa kuwa mfalme, Chandra Mohan, akafariki mwaka 1949. Mtu mwengine angaliikunja kazi hiyo akaitia kabatini. Asif akangoja hata akampata Shapoorji Pallonji, tajiri wa ujenzi, akaanza upya na waigizaji wengine: Prithviraj Kapoor akawa Mfalme Akbar, Dilip Kumar akawa mwanawe Salim, na Madhubala akawa Anarkali. Jumba la vioo peke yake lilichukua kama miaka miwili kujengwa, na vioo vyake viliagizwa kutoka Ubelgiji. Kwa vita vya baba na mwana waliazimwa askari wa jeshi la India. Sehemu kubwa ya picha ni nyeusi na nyeupe, lakini wimbo ule wa jumba la vioo ulipigwa kwa rangi. Wazee wetu husimulia kuwa rangi zilipotokea ghafla katika pazia, ukumbi mzima ulipumua kwa pamoja.

Siku ya ufunguzi, mikanda ya filamu ilipelekwa katika ukumbi wa Maratha Mandir juu ya ndovu aliyepambwa. Watu walilala foleni usiku na mchana kungoja tikiti, wakiletewa chakula na jamaa zao. Kwa miaka 15 hakuna filamu ya India iliyoishinda kwa mapato, hata ilipokuja Sholay mwaka 1975. Ilipata tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kihindi, na katika tuzo za Filmfare za mwaka 1961 ikapata tatu: filamu bora, upigaji picha bora, na mazungumzo bora. Wapenzi wake wangali wananung'unika hadi leo. Muziki wa Naushad haukupewa kitu. Madhubala, aliyebeba minyororo mizito ya chuma cha kweli ilhali moyo wake una tundu tangu kuzaliwa, hakupewa kitu vilevile. Dilip Kumar alituzwa mwaka huo huo, lakini kwa filamu nyingine kabisa. Mzee wetu hulisema hilo kama mtu aliyedhulumiwa shamba lake.

Mapenzi hayo hayakupoa. Mwaka 2004 filamu nzima ilitiwa rangi na kurudishwa sinemani, na watoto ambao babu zao walisimama katika foleni ya kwanza wakasimama katika foleni ya pili. Mwaka 2006 ikaonyeshwa Pakistan. Mwaka 2016 ikafanywa mchezo wa jukwaani. Madhubala alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1969, akiwa na miaka 36. K. Asif alimfuata mwaka 1971. Dilip Kumar ndiye aliyeishi hadi mwaka 2021, akafikia miaka 98.

Sasa, ni nini wakipendacho? Tumewauliza wengi, na kila mmoja hutaja kitu chake. Mmoja hutaja nyimbo. Mmoja hutaja ile dua aimbayo Anarkali gerezani, akiwa amefungwa minyororo, akimwelekea Mtume wetu (S.A.W.), dua ambayo imepata kuliza hata watu wasiomjua Akbar ni nani. Mmoja hutaja ufasaha wa Kiurdu chake, ingawa hakijui, na hilo si ajabu kwetu sisi tuliolia kwa Qur'ani kabla ya kufundishwa maana. Lakini ukiwaacha waendelee kusema, wote huishia pahala pamoja. Huishia kwa baba na mwana.

Kisa chenyewe ni hiki. Mfalme Akbar hana mtoto wa kumrithi. Anakwenda kwa miguu, peku, hadi kwa walii kuomba dua apate mtoto. Mtoto azaliwapo, kijakazi ndiye amleteaye bishara, na kwa furaha mfalme anamvika pete yake na kumwahidi kuwa siku yoyote atakapomwomba jambo atampa. Mtoto huyo, Salim, analelewa kwa kudekezwa, kisha anapelekwa vitani ili akomae, na anarejea mtu mzima. Anampenda mchezaji wa barazani pa mfalme, binti wa kijakazi, ambaye mfalme mwenyewe amempa jina la Anarkali, yaani ua la mkomamanga. Baba anakataa. Si kwamba binti ana aibu yoyote, ila ni mtu wa chini, na kiti cha Hindustani hakikaliwi na binti wa kijakazi. Mwana anaasi, baba na mwana wanapigana vitani, mwana anashindwa na kuhukumiwa kifo. Anarkali anajitoa ili Salim aachiliwe, naye anahukumiwa kujengewa ukuta akiwa hai. Hapo ndipo mama yake anapoikumbuka ile pete.

Lazima tuseme, kwa amana ya elimu, kwamba hayo si tarikhi. Filamu imetokana na tamthilia aliyoiandika Imtiaz Ali Taj mwaka 1922, nayo tamthilia imetokana na masimulizi ya watu wa Lahore, ambako hadi leo kuna kaburi linaloitwa la Anarkali. Salim wa kweli alizaliwa mwaka 1569, na ni kweli kuwa babake alikwenda kutaka dua kwa Sheikh Salim Chishti na akampa mtoto jina la sheikh huyo. Ni kweli pia kwamba alimwasi babake mwaka 1600, akakaa Allahabad kama mfalme wa pili. Lakini wakati huo alikuwa mwanamume wa miaka 30 na kitu, mwenye wake na watoto, na alichokitaka kilikuwa kiti. Mwaka 1602 alimtuma mtu amuue Abul Fazl, rafiki na mwandishi wa babake, na alipokuwa mfalme kwa jina la Jahangir aliandika kwa mkono wake kuwa ndiye aliyeagiza. Katika kitabu hicho cha maisha yake Anarkali hatajwi. Na huyo Akbar mpole wa filamu, mwenye mizani mikubwa ya uadilifu, maulamaa wa zama zake walikuwa na maneno mengine juu yake, akiwamo Sheikh Ahmad Sirhindi.

Tulipomsomea mzee wetu habari hizi, alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyo wa vitabuni simjui. Mimi namjua yule wangu."

Tulicheka, lakini jibu lake lina uzito. Watu hawakulala foleni kwa ajili ya Akbar wa vitabuni. Walilala kwa sababu ya mambo yaliyokuwa majumbani mwao. Hata waigizaji wenyewe hawakuwa mbali na kisa. Dilip Kumar jina lake alilopewa na wazazi ni Muhammad Yusuf Khan, mtoto wa mfanyabiashara wa matunda wa Peshawar, na mwenyewe alipata kueleza kwamba alijificha nyuma ya jina jingine kwa kumwogopa babake, asimjue kuwa ni mchezaji wa filamu. Yeye na Madhubala walikuwa wamekusudia kuoana, na baina yao akasimama babake Madhubala. Mwaka 1957 wakakabiliana mahakamani katika kesi iliyohusu filamu nyingine, na Dilip Kumar akatoa ushahidi dhidi ya upande wa binti. Baada ya hapo wakawa wanafika kazini wakiigiza watu wapendanao, na nje ya kamera hawasalimiani. Sijui ni watazamaji wangapi walioyajua hayo. Lakini twadhani macho hayafichi.

Tufike sasa kwenye sababu yetu ya pili.

Mwezi uliopita mkewe mzee huyu alitujia nyumbani, akakaa na mama watoto kwanza, kisha akataka kusema nasi. "Mwanangu sheikh," akasema, "kasemeni na babenu. Mimi kanishinda." Mwana wao wa mwisho, kijana wa miaka 33, mwenye kazi yake bandarini, anataka kuoa. Binti anasomesha watoto chuoni, na sifa zake tunazijua sisi wenyewe kwa sababu wajukuu wetu wawili wamehitimu juzuu Amma kwake. Mamake huuza mahamri asubuhi. Babake alisilimu ukubwani, akitokea bara, akafa Mwislamu mwema, na tulimsalia. Mzee amekataa. Hana neno baya la kumsema binti. Neno lake ni moja tu: si kufu yetu.

Tuliposikia hivyo tulinyamaza kidogo, kwani tulimwona mbele yetu barazani, akitikisa kidole na kunguruma kwa Kiurdu.

Hapa hatuna budi kusema jambo la fiqhi, maana neno hili kufu limekuwa upanga mikononi mwa watu ambao hawajui mpini wake uko wapi. Katika madhehebu yetu ya Shafi kufu imo, na nasaba imehesabiwa ndani yake. Hatukatai. Lakini kufu iliwekwa kwa ajili ya kumhifadhi mwanamke na walii wake, wasije wakafungishwa na mwanamume atakayewatia unyonge. Ni haki yao, na wakiridhia kuiacha, huachwa. Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi, alielekezwa na Mtume (S.A.W.) aolewe na Usama, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Mwanzo alisita, kisha akakubali, na akasimulia mwenyewe kheri aliyoipata. Ama babake mwanamume kusema kuwa binti si kufu ya mwanawe, hilo katika vitabu tulivyosomeshwa halina mlango. Kumridhisha mzazi ni wajibu mkubwa, na kijana aoaye huku mzazi wake ana kinyongo amejitia katika mashaka. Lakini mzazi naye ataulizwa kinyongo hicho alikijenga juu ya nini.

Na tukiri. Miaka 15 nyuma alitujia kijana mwengine, wa mtaa mwengine, kwa jambo kama hilo hilo. Alitaka tuseme na babake. Tulikuwa tukiheshimiana sana na babake, na tulikuwa na haya, na kwa kweli tulikuwa na woga. Tukamwambia kijana maneno matamu juu ya radhi za wazazi, tukamshika bega, tukamrudisha kwao. Kila tulilomwambia lilikuwa kweli, na lote kwa pamoja lilikuwa kumkimbia. Alikwenda Ghuba kutafuta kazi. Babake alipofariki sisi ndio tuliomsalia, na kijana hakuwapo. Barua zake kwa mamake zilikuwa zikija, ila jina la babake lilikuwa halimo. Kila tunapoiona ile sehemu ya filamu ambapo watumishi na mawaziri wamesimama kandokando ya kiti cha Akbar, vichwa chini, hakuna asemaye, twajua nafasi yetu ilikuwa wapi.

Basi safari hii tulikwenda. Tulimkuta mzee barazani kwake baada ya Alasiri, kahawa mbele yake. Hatukuanza na kufu. Tulimwuliza, "Ami, katika filamu ile, wewe huwa upande wa nani?"

Akatutazama kama tuliyemwuliza kibla kiko wapi. "Upande wa Anarkali. Nani asiyekuwa upande wa Anarkali?"

"Akbar hakuwa," tukamwambia.

Alifahamu papo hapo, kwani ni mtu mwerevu. Aliweka kikombe chini. Akasema kwamba Akbar alikuwa na dola ya kulinda, na kwamba mtu hawezi kuitoa dola kwa ajili ya moyo wa kijana mmoja. Tukamkumbusha kwamba yeye ana nyumba ya vyumba vitatu na mwembe. Hakucheka. Tulijuta kidogo kwa maneno yale, kwani nyumba ya mtu ni dola yake, na jina la babu zake ni kiti chake, na mzaha hauvunji kiti.

Kisha akasema neno ambalo tumelifikiri tangu siku hiyo. Akasema, "Lakini mwisho Akbar alimwachilia."

Ni kweli. Mama wa Anarkali alipotoa pete, mfalme alitimiza ahadi. Binti anatolewa kwa njia ya chini ya ardhi pamoja na mamake, kwa sharti kwamba watokomee na jina lake lisisikike tena. Wapenzi wa filamu huutaja mwisho huo kwa fahari: ahadi imetimizwa, na kiti hakikuyumba. Nasi twakiri kuwa kutimiza ahadi kwa kijakazi, naye mtu ni mfalme, si jambo dogo. Lakini Salim haambiwi. Salim anaachwa aamini kuwa mkewe wa moyoni yumo ukutani, na ataishi na ukuta huo hadi kufa kwake. Baba amehifadhi dola, amehifadhi ahadi, amehifadhi hata roho ya binti. Mwana peke yake ndiye ambaye hakuhifadhiwa.

Tulimwambia mzee hayo, kwa upole zaidi ya tunavyoyaandika. Tukamweleza na lile jambo la kufu, na ni la nani. Tukamweleza na habari za yule kijana wa Ghuba, bila ya kumtaja jina, ingawa twaona alimjua. Alinyamaza hata kahawa ikapoa. Akatwambia, "Haya, sheikh wetu, nimesikia," na neno hilo kwetu pwani, kama mjuavyo, halina maana moja.

Ametupa idhini tuyaandike haya, kwa sharti kuwa tusimtaje jina na tusiseme vibaya juu ya filamu. Sharti la kwanza tumelitimiza. La pili tumejaribu.

Jibu la posa bado hatujalipata. Mkewe asema kuwa siku hizi baba na mwana hula sinia moja tena, jambo ambalo lilikuwa limekatika tangu mfunguo mosi. Ijumaa iliyopita, tukitoka msikitini, mzee alitushika mkono akatuvuta kando. Tukadhani ndiyo hiyo. Kumbe alitaka kujua kama tuna mtu wa kumpatia ile filamu ya mwaka 2004, iliyotiwa rangi yote, kwani ile ya simu ya mjukuu imekatwa mwishoni. Tulimwambia kuwa kwa maoni yetu ile nyeusi na nyeupe ndiyo bora, na rangi zikae pale pale zilipokaa, katika jumba la vioo. Akasema yeye hana neno, ila kijana wake hawezi kukaa saa tatu mbele ya picha isiyo na rangi.